Musalaba uliokatwa mukono: juu ya feza za bankambo tunazozitupa



Kila mutu anayeishi katika miji yetu, ikiwa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, anajua jambo hili. Ukimupa kambisti ao mama wa duka dolari iliyopasuka kidogo pembeni, hata kama mupasuko haupiti upana wa ukucha, anakurudishia mbio: « Hapana mwalimu, hii haiendake. » Lakini yule yule mama anapokea faranga zetu zenye kunuka jasho, zilizochakaa mpaka namba hazisomeki vizuri, na hasemi neno. Karatasi ya wageni tunaitaka safi kama bibi arusi. Karatasi yetu wenyewe hatuitazami hata usoni.

Kama ugonjwa huu ungebaki sokoni, tungecheka na kupita. Lakini umeingia katika namna tunavyoangalia vitu vya bankambo wetu. Mutu akirizi musalaba wa shaba uliovunjika, anaupeleka kwa mununuzi wa mitrayi ukapimwe kwa kilo. Akipata feza ya Léopold iliyolika uso, anawapa watoto wachezee. Wanasema: « Imeharibika, haina faida tena. » Sisi tunaoandika mistari hii tumefundisha historia kwa miaka mingi katika sekondari, na tunataka kusema wazi, bila kuzungukazunguka: wanakosea. Feza ya zamani yenye kilema njo ile tunapashwa kuinunua na kuilinda mbele ya zingine zote. Tutaeleza sababu.

1. Feza zetu zilianza wapi

Darasani tunaulizaka wanafunzi: feza ya kwanza katika inchi hii ilikuwa gani? Wengi wanajibu bila kusita: « Faranga ya Wabeleji. » Tukiwaonyesha musalaba wa shaba, ule Wafaransa wanaita croisette, kuko hata wanaojibu kwamba wamisionere njo waliuleta, kwa sababu unafanana na musalaba wa kanisa. Ni uongo, na uongo huu haukutoka kwa wanafunzi. Umetoka kwetu wakubwa, tuliowaachia madarasa bila kitu cha kushika mukononi.

Tazama ukweli. Kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, Jacques Nenquin alichimba makaburi ya zamani katika mwaka wa 1957. Kisha Pierre de Maret akaendelea na kazi hiyo katika miaka ya 1970. Ndani ya makaburi mulikuwa misalaba ya shaba iliyowekwa pamoja na wafu, mamia ya miaka mbele misionere yoyote haijafika Katanga. De Maret alitambua jambo la ajabu: kadiri karne zilivyopita, misalaba iliendelea kuwa midogo na kufanana, mpaka ikawa mingine haipiti kidole. Kitu kikianza kufanana hivyo na kuhesabiwa kwa wingi, ni kusema kimekuwa feza. Misalaba ya shaba ilipatikana vilevile katika makaburi ya Ingombe Ilede, karibu na muto Zambezi, katika inchi inayoitwa leo Zambia. Na Muingereza Cameron, aliyevuka Afrika kati ya mwaka wa 1873 na 1875, aliandika habari ya misalaba hiyo akaiita kwa jina la handa. Ile ya nyakati hizo ilikuwa mikubwa, mingi ikifikia sentimeta 20 na zaidi.

Nani aliitengeneza? Wafuzi wetu wenyewe: Basanga na wengine, kisha Bayeke wakati wa M'siri wa Bunkeya, aliyeuawa mwezi wa kumi na mbili 1891. Walichimba jiwe la kijani, malakiti, wakati wa kiangazi; wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu; wakatia makala, wakapuliza mivukuto, shaba ikatiririka mpaka katika umbo lililochimbwa chini. Monsinyori de Hemptinne aliandika juu ya watu hao mwaka wa 1926 na kuwaita « wakula shaba ». Kwa misalaba hiyo watu walinunua vitu, na jamaa zilitoa mahari.

Kisha zikaja feza za Leta. Zile za shaba za Léopold II, zilizoanza mwaka wa 1887, zina tundu katikati na nyota. Wakati wa vita, mwaka wa 1943, Banque du Congo Belge ilitoa faranga 2 zenye pembe sita na sura ya tembo. Zilipigwa Philadelphia, kule Marekani, kwa sababu Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Mwaka wa 1961 Katanga iliyojitenga ilitoa faranga 1 na faranga 5: upande moja tunda la ndizi, upande wa pili musalaba wetu wa shaba. Kujitenga kulikwisha mwezi wa kwanza 1963, lakini feza hizo zilibaki katika mafuko ya watu. Mwaka wa 1967 zikafika zaire, likuta na sengi. Ile ya sengi 10 ilikuwa ya aluminiumu, nyepesi kama jani, na sura ya chui.

Hesabu vema: leo katika masoko yetu hakuna hata feza moja ya chuma inayotembea. Mutoto aliyezaliwa baada ya faranga ya mwaka wa 1998 amekua bila kusikia feza ikilia juu ya meza. Kama hatukumuwekea zile za zamani, atajua je kwamba inchi yake, inayouzisha shaba kwa dunia nzima, ilikuwa inatengeneza feza ya shaba kwa mikono yake yenyewe?

2. Kilema ni maandiko

Tuwaeleze jambo lililotupata sisi wenyewe, na ndani yake tuna kosa letu.

Siku moja tulipita kwenye depo moja ya mitrayi. Muzee moja alikuwa anangoja zamu yake kwenye kilo, na gunia lake chini: vipande vya kabeli, robinè ya zamani, na juu yake musalaba wa shaba wenye mikono mitatu. Wa nne ulikatwa. Tukamusalimia na kumuuliza: « Muzee, hii unaiuzisha? » Akajibu: « Ee mwalimu, lakini iko na kilema. Kama ingekuwa nzima, ningepeleka kwa Wazungu ku hoteli. Hii njo ya kupima tu. »

Tulimupa bei ya mitrayi mara mbili. Alishangaa, akatuangalia kama mutu anayemuonea mwenziwe huruma. Kisha, kwa sababu tulimuuliza nani aliukata, akakaa juu ya gunia na kueleza. Musalaba ulikuwa wa nkambo wake, uliingia katika jamaa kwa njia ya mahari ya dada ya nkambo. Dada huyo alipozaa mutoto wa kwanza, nkambo alikata mukono moja wa musalaba, akaufua, akatengeneza bangili ya mutoto. « Mutoto ule njo mama yangu, » akasema muzee. « Bangili walimuzika nayo. »

Sasa tuulize, ninyi wasomaji muliosoma: kilo ya depo ilikuwa ipime nini hapo? Gramu mia kadhaa za shaba. Na Muzungu wa hoteli, aliyetaka musalaba muzima, angenunua nini? Umbo. Habari ya dada, ya mahari, ya bangili, ya mama, ilikuwa katika pahali palipokatwa. Musalaba muzima wa namna ile ungetuambia tu kwamba watu walikuwa na shaba. Ule uliokatwa ulituambia walifanya nini nayo.

Lakini sikieni kosa letu. Katika gunia lile mulikuwa vilevile feza saba za shaba zenye tundu, za wakati wa Léopold. Tulizigeuza mukononi. Tatu hazikusomeka hata mwaka. Tukaziona hazina sura, na mufuko wetu ulikuwa mwepesi, ilikuwa mwisho wa mwezi, tukaziacha. Usiku hatukulala vizuri. Tuliporudi juma lililofuata, mwenye depo akatucheka: « Mwalimu, mitrayi haingojake mutu. » Gunia lilikuwa limekwenda njia ya tanuru.

Feza zile zililika kwa nini? Kwa sababu zilitembea. Feza inayobaki nzuri ni ile isiyofanya kazi, iliyolala katika kasha la benki ao la mukusanyaji. Ile iliyolika ilipita katika vidole vya wapagazi, vya wanamuke wa soko, vya askari wa Leta, vya watu tusiowajua hata jina. Kulika kwake ni sahihi yao. Na sisi, walimu wa historia, tuliitupa sahihi hiyo kwa sababu hatukuona vizuri uso wa nyota.

Mufano mwingine. Tundu la katikati ya feza ya Léopold lilitoka kiwandani. Lakini ukiona ile ya tembo ya 1943 yenye tundu dogo pembeni, ujue mutu aliitoboa kwa musumari ili kuivalisha mutoto shingoni. Wakusanyaji wa inje wanaita hiyo uharibifu. Wana kipimo chao: Mumarekani William Sheldon alikipanga mwaka wa 1949, kutoka 1 mpaka 70, na feza isiyo na mukwaruzo hata moja njo inapata 70. Ni kipimo chao, kinafaa kwa biashara yao. Sisi hatutafuti pointi. Kwetu tundu la musumari ni maisha ya pili ya feza, na maisha hayo yalikuwa yetu.

3. Wanaotupinga

Wa kwanza wanasema: « Mwalimu hana hata mushahara wa kumufikisha tarehe kumi na tano, na yeye ananunua mitrayi! » Tunajibu: ni kwa sababu hatuna pesa nyingi njo tunasema juu ya vitu vyenye kilema. Musalaba mukubwa, muzima, wenye rangi nzuri, bei yake hatuiwezi. Utakwenda tu Ulaya. Lakini kile kilichovunjika kinauzwa kwa kilo, na mutu moja moja anaweza kukiokoa mara moja kwa mwaka kwa pesa ya kreti moja ya bia. Tusidanganyane: tunajua namna gani tunanunuaka bia.

Wa pili ni wahubiri fulani wanaosema kila kitu cha zamani ni fetishi, kichomwe ao kitupwe. Tunaheshimu dini, na sisi ni waamini. Lakini musalaba wa shaba ulinunua vitu na ulioa wanawake, ulikuwa pesa. Kama pesa ya zamani ni fetishi kwa sababu ina alama tusiyoifahamu, basi tuitazame vilevile ile dolari moja inayopokelewa katika matoleo kila siku ya Mungu: mugongoni iko na piramidi, na juu ya piramidi iko jicho. Hatujasikia muhubiri akiirudisha, isipokuwa imepasuka.

Wa tatu wanasema: « Hiyo ni kazi ya museumu. » Ni kweli Lubumbashi ina museumu ya taifa, na tunaomba kila shule ipeleke wanafunzi wake kule. Vitu vyetu vingi viko vilevile Tervuren, kule Ubelgiji. Lakini museumu haiwezi kusimama kwenye mulango wa kila depo ya mitrayi. Sisi njo tunapitaka pale.

Wa ine ni hatari kuliko wote, kwa sababu wanajifanya rafiki zetu. Ni wale wanaotuletea misalaba mizuri, mizima, na kusema: « Mwalimu, tulisikia unapenda vitu vya zamani. » Hapa tunataka kusema kwa ukali. Musalaba muzima kabisa unaofika mikononi mwa kijana wa leo unatoka pahali pawili. Mara nyingi umeyeyushwa juzi katika kiwanja, ukapakwa dawa ili uonekane muzee. Huo ni udanganyifu tu. Lakini mara ingine ni wa kweli, na udongo ungali katika pembe zake. Huo umetoka kaburini. Asiyeweza kusema jamaa gani iliutunza, na akaanza kuangalia chini, musimupe hata faranga moja. Kununua kwake ni kumulipa mushahara wa kufukua bankambo. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa tatu 1971 inalinda mali ya utamaduni ya inchi hii, na hata kama sheria isingekuwapo, haya ingetosha.

Na mujue hasara yake. Tulisema de Maret alitambua misalaba iligeuka feza. Alitambua je? Kwa sababu kila musalaba wa Sanga ulichorwa pale pale ulipolala: katika kaburi gani, pamoja na vyungu gani, katika upande gani wa mwili. Ukitolewa usiku kwa jembe, unakuwa bubu. Uko muzima kwa macho, lakini hauna tena neno la kusema. Tazama basi tofauti: ule wa muzee wetu umekatwa mukono na unasema, ule wa mufukuaji uko na mikono minne na hausemi kitu. Gani umeharibika?

4. Namna ya kununua na kulinda

Hatutaki kumaliza kwa kelele tu. Haya ni mambo machache tuliyojifunza, mengine kwa makosa.

Kwanza, uliza mbele ya kulipa. Ilitoka kwa nani? Katika kijiji gani? Nani aliikata, aliitoboa? Andika siku ile ile, pamoja na kilo, urefu na kilema chenyewe, na jina la jamaa ikiwa inakubali. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Musalaba wetu bila karatasi yake ni kipande cha shaba. Sisi tukifa, watoto wetu wataurudisha depo, na watakuwa na haki.

Pili, usisugue. Tulipokuwa mwalimu kijana, tulikuwa na musalaba mudogo wa kijani. Siku ya maonyesho ya shule tukaupiga ndimu na muchanga mpaka ukang'aa kama kijiko kipya. Prefe alipiga mikono. Leo tunaona haya. Ile rangi ya kijani ilikuwa ngozi ya shaba: polepole, ndani ya miaka mingi, shaba inarudia kuwa kitu cha namna moja na malakiti ilimotoka, na ngozi hiyo iliyokaza inaikinga. Tuliichuna kwa robo saa, pamoja na alama zote ndogo za umbo na za vidole. Basi: hakuna ndimu, hakuna siki, hakuna majivu, hakuna dawa ya meno, hakuna chuma cha kusugulia sufuria. Kama kuna udongo, maji safi na kitambaa laini, kisha ukaushe kabisa.

Tatu, tofautisha ngozi na ugonjwa. Kijani kilichokaza, cha giza, ni afya. Lakini ukiona unga mwepesi wa kijani cheupe unaodondoka na kurudia kila mara, hiyo shaba inagonjwa kwa sababu ya chumvi na unyevu. Itenge na zingine, iweke pahali pakavu sana, na uombe shauri kwa watu wa museumu.

Ine, usiweke katika plastiki laini ya kung'aa. Nyingine zinatoa jasho lenye asidi na kula feza polepole. Bahasha ya karatasi safi, moja kwa kila kitu, ndani ya sanduku lisiloingia maji ya mvua. Ishike pembeni, mikono ikiwa mikavu.

Tano, usitengeneze. Mwalimu mwenzetu moja, mwenye roho nzuri, alipoona musalaba wetu alisema: « Kuko kijana anachomelea vizuri, atakuwekea mukono wa ine. » Tulimushukuru na tukaurudisha katika sanduku. Mukono wa ine uko kaburini, mukononi mwa mama ya muzee yule. Hakuna anayeweza kuuchomelea.

5. Mwisho

Hatuwezi kuokoa kila kitu. Magari ya mitrayi yanapita kila siku, na sisi tunatembea kwa miguu. Lakini tunaomba kila musomaji wa kitabu hiki kidogo afanye jambo moja. Aingie katika nyumba ya wazazi, afungue sanduku la zamani, aulize. Kila kitu chenye kilema atakachokuta, sengi iliyopindika, faranga ya ndizi iliyolika, musalaba uliovunjika, aulizie habari yake muzee angali muzima, na aandike. Muzee akikata roho, kile kitu hakiko na kilema tena. Kimekufa pamoja naye.

Katika mukutano ujao wa shirika letu, kila moja alete kitu kimoja na karatasi moja. Asilete kizuri. Alete kile alichokuwa anaona haya kukionyesha.

Sisi tutaleta musalaba wa mikono mitatu. Na tutaacha pembeni yake nafasi saba tupu, juu ya feza saba tulizoziacha kwenye gunia, kusudi wanafunzi wetu waulize kwa nini hakuna kitu pale, na sisi tulazimishwe kujibu.